Kaniki na Merikani: Mwanga wa Picha za Watu za Nyeusi na Nyeupe Nje ya Studio

"Mwanangu, unanitoa kwenye mwanga unanitia kivulini. Si picha inataka mwanga?"

Aliyeniuliza ni mzee muuza kahawa wa Mji Mkongwe, Unguja, yapata saa nne ya asubuhi. Nilikuwa nimeshamwamkia, nimeshakunywa vikombe viwili vya kahawa yake chungu na kashata moja, na ameshanikubalia nimpige picha. Nilichomwomba ni ahame hatua tatu tu, kutoka baraza lililopigwa na jua hadi baraza la upande wa pili wa kichochoro. Nikamwambia, "Babu, jua litakufumbisha macho." Akaridhika, akainua dele lake, akahama.

Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa robo ya jibu. Robo tatu zilizobaki ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, kwa sababu wengi wanaoanza kupiga picha za watu za nyeusi na nyeupe nje ya studio hukwama pale pale kwenye swali la mzee. Wanadhani kazi ni kupata mwanga. Pwani yetu haijawahi kupungukiwa na mwanga. Kazi ni kuuzuia, kuukata, kuufukuza upande huu na ule, mpaka ubaki ule mmoja unaomfaa mtu aliye mbele yako.

Rangi ikiondoka

Chukua mama aliyejifunga kanga nyekundu, amesimama mbele ya ukuta wa kijani. Katika picha ya rangi huna la kufanya: nyekundu na kijani zinatengana zenyewe. Igeuze picha ile ile iwe nyeusi na nyeupe, na mara nyingi utakuta kanga na ukuta vimekuwa kijivu kimoja. Mama amezama ukutani.

Rangi ilikuwa ikifanya kazi mbili kimyakimya: kumtenga mtu na kilicho nyuma yake, na kuliita jicho la mtazamaji usoni. Ikiondoka, kazi zote mbili zinauangukia mwanga. Ndiyo maana picha nzuri ya rangi ukiigeuza huwa inakufa, na mtu anailaumu programu ya kompyuta. Programu haina kosa. Picha ile ilisimama kwa rangi, na nguzo imeondolewa.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga watu wengi uani kwa mwanga wa mchana. Mara nyingi nyuma yao alitundika kitambaa chenye mapambo, na wao wenyewe wamevaa nguo za maua na mistari. Ukimsimulia mtu ambaye hajaziona, atadhani ni vurugu tupu. Zitazame: jicho linakwenda usoni moja kwa moja. Nguo na pazia ni bapa, lakini uso umepewa mviringo na mwanga unaoanza upande mmoja na kufifia polepole kuelekea upande wa pili. Hicho kivuli kinachozunguka shavu ndicho kinachomtoa mtu kwenye maua.

Kuna na faida, nayo ni kubwa kwa anayefanya kazi mtaani. Chumba chenye balbu ya njano, tyubu ya kijanikijani na dirisha la buluu ya anga humtesa mpiga picha wa rangi. Sisi hayatuhusu sana. Mwanga uliorudishwa na mkeka, na ukuta wa pinki, na turubai la muuza samaki, wote ni mwanga tu.

Jua la kwetu

Mji Mkongwe uko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri linapita karibu kabisa juu ya utosi. Hata Juni, linapokuwa limesogea mbali zaidi nasi upande wa kaskazini, adhuhuri bado liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Mwanga wa namna hiyo unatua kwenye paji la uso, juu ya pua na mabegani. Macho yanabaki mashimo mawili, na aliyevaa kofia ndiyo kabisa.

Mafunzo mengi ya Ulaya yanausifu muda kabla ya machweo, na yanausifu kwa haki, ila huko jua linashuka kwa mshazari na mwanga ule mtamu unakaa. Kwetu linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4. Ukianza saa kumi na moja unusu jioni una saa moja hivi ya jua la chini, na likishazama, dakika 20 na kitu baadaye giza limetanda. Anayengoja saa hiyo pekee atapiga watu wawili kwa siku. Bora kujifunza kuishi na saa nne ya asubuhi.

Hapa ndipo kichochoro kinapokuja. Ukali wa kivuli hautokani na wingi wa mwanga bali na ukubwa wa chanzo chake kama uso unavyokiona. Jua ni kubwa mno, lakini liko mbali. Angani linachukua upana wa nusu ya nyuzi moja tu. Kwa uso wa mtu ni nukta, na nukta hutoa kivuli chenye ukingo kama wa kisu. Sasa acha nukta hiyo ipige ukuta mpana uliopakwa chokaa. Ukuta unageuka taa ya mita tatu kwa nne, na uso ulio mita mbili mbele yake unaoshwa na mwanga laini kuliko wa sofboksi yoyote (kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha taa) ninayoweza kuibeba begani.

Hiyo ndiyo sababu ya kumhamisha mzee. Alipokuwa juani, nyuma yangu palikuwa na ukuta wa kivulini, umezubaa. Alipohamia baraza la pili, ukuta uliowaka ukawa mbele yake, na yeye akawa kivulini akiutazama. Sikuongeza taa. Niligeuza nani akae wapi.

Ukiufahamu mji wako utajua ukuta upi unawaka lini. Katika kichochoro kinachokwenda mashariki–magharibi, adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo unaowaka ni ukuta ulio upande wa kusini wa njia. Desemba jua liko kusini, na unawaka wa kaskazini. Mimi huandika kwenye daftari: kichochoro, mwezi, saa. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna kifaa nilichowahi kununua kilichonisaidia zaidi.

Kichochoro kina hila yake, nayo ni ule ukanda wa anga juu. Ukuta unaleta mwanga wa ubavuni, lakini anga inamwaga wa juu, na ule wa juu unarudisha mashimo ya macho ingawa kwa upole. Kwa hiyo ukate. Mweke mtu chini ya kipenu au ndani ya daka la mlango, au mwombe kijana aliye karibu ashike mwavuli mweusi juu ya kichwa cha mtu, nje kidogo ya picha. Mwavuli mweusi, si mweupe. Tazama macho wakati mwavuli unapoingia: yanafunguka kama dirisha.

Waliotutangulia katika kazi hii walilikwepa jua vilevile. Richard Avedon, alipozunguka magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984, aliwasimamisha watu kivulini mbele ya karatasi nyeupe. Irving Penn alisafiri na hema lake hadi Dahomey, Benin ya leo, mwaka 1967 na Moroko mwaka 1971, akiwapiga watu ndani yake kwa mwanga wa mchana uliochujwa.

Mlangoni

Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kupiga picha maisha yangu yote, ningechagua mlango wa nyumba ya zamani ulio wazi, mtu akiwa ndani yake kiasi cha mkono mmoja kutoka kizingitini.

Anayeanza husimama nje, mtu ndani, anapiga. Picha inatoka bapa, kwa sababu mwanga wote unatoka nyuma ya mgongo wa mpiga picha na kuupiga uso mzima sawasawa. Tena yeye mwenyewe ameuziba. Ingia ndani. Simama ubavuni, mlango uwe upande wako wa kushoto au kulia. Sasa mwanga unaingia kutoka upande mmoja, na uso una pande mbili.

Kisha mwambie mtu ageuze uso kidogo kidogo kuelekea mlangoni, nawe utazame jambo moja: kivuli cha pua. Mwanzoni shavu la mbali liko gizani lote. Anavyogeuka, kinatokea kipande kidogo cha mwanga, pembetatu chini ya jicho la gizani, kimefungiwa kati ya kivuli cha pua na kivuli cha shavu. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, aliwachora wengi hivyo, na wapiga picha wameuita mwanga huo kwa jina lake. Akigeuka zaidi, pembetatu inafunguka na uso unakuwa wazi, mpole zaidi. Hakuna kanuni ya kusimama wapi. Mzee mwenye mikunjo ya miaka 70 anabeba giza. Bibi harusi mara nyingi hataki. Lakini macho yote mawili yawe na nukta ya mwanga ndani yake. Jicho lisilo na nukta ile linaonekana la mtu asiyekuwepo.

Umbali nao ni chombo. Taa ndogo kama flashi ukiirudisha kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga wake haupungui nusu, unapungua hadi robo, yaani stopu mbili (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu). Mlango ni chanzo kikubwa, kwa hiyo mwanga wake unapungua taratibu zaidi, ila mwelekeo ni ule ule. Mtu akiwa karibu kabisa na mlango, uso unang'aa na chumba nyuma yake kinazama gizani. Akirudi ndani hatua mbili, tofauti kati yake na ukuta wa nyuma inapungua, na ghafla unaona saa ya ukutani, kalenda, kabati. Ukitaka maisha yake yaonekane, mrudishe ndani. Ukitaka uso peke yake, mlete mbele.

Sasa vitambaa. Vyumba vyetu vingi vimepakwa rangi nyeupe, na mwanga unaoingia mlangoni unagonga kuta, unarudi na kujaza upande wa giza wa uso. Unabaki na kijivu juu ya kijivu. Dawa yake ni kaniki, kile kitambaa cheusi cha pamba. Itundike juu ya kamba au kiti upande wa kivuli, nusu mita kutoka shavuni, nje ya picha. Haifanyi lolote ila kumeza mwanga, na hilo ndilo tunalolitaka: taya linapata ukingo, shingo inajitenga na shavu. Sina kaniki siku hiyo? Buibui la mwenye nyumba linatosha, kwa idhini yake.

Mwenzake kaniki ni merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo jina lake lilitoka kwa wafanyabiashara wa Marekani walioileta Unguja karne ya 19. Jua likiingia moja kwa moja mlangoni au dirishani, tandaza merikani pale lilipoingilia. Kitambaa kinakuwa ndiyo taa: jua lile la nukta limekuwa la upana wa mlango. Kinakula mwanga, stopu moja au zaidi kulingana na unene, lakini jua letu halitaona upungufu. Umanjano wake ungeharibu picha ya rangi. Hapa hauna madhara.

Kimoja kinalainisha, kingine kinanyima. Kwa vitambaa hivi viwili na kamba ya katani nimefanya kazi nyingi kuliko kwa taa zangu zote. Kuhusu viakisi, kipande cheupe cha stairofomu kutoka kwenye boksi la televisheni kinashinda sinia la bati. Sinia ni kioo, linarusha jua jingine dogo kali usoni, na likishikwa chini linammulika mtu kidevuni kama anayesimulia hadithi za majini.

Ngozi nyeusi na mng'ao

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona kila wiki, na linaniuma kwa sababu anayeonewa ni mtu aliyekaa kwa imani mbele ya kamera.

Ngozi inarudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ya mwanga inaingia ndani kidogo, inatawanyika, inatoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haiingii. Inagonga juu na kuruka, kama kwenye maji ya bahari iliyotulia. Huo ndio mng'ao. Ngozi nyeupe inarudisha mwingi kwa njia ya kwanza, hata mng'ao hauonekani sana. Ngozi nyeusi inaumeza mwingi unaoingia, kwa hiyo mng'ao ndio unaotuchorea shavu, taya, paji na mfupa wa pua.

Kwa kutojua hili, mpiga picha akiona uso uko gizani anaongeza mwanga kutoka mbele. Kanzu inaungua, imekuwa nyeupe pe haina hata mshono. Uso umepanda kidogo, lakini ni bapa, kijivu, hauna mfupa. Anaongeza tena.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi zaidi. Inahitaji kitu kikubwa cha kuakisi, kiwekwe mahali sahihi. Mng'ao unafuata sheria ya kioo: pembe unayoingilia ndiyo unayotokea. Na kwa kuwa ni kama kioo, unabeba umbo la taa yenyewe. Flashi tupu inaacha matone meupe kwenye paji. Mlango unaacha utepe mpana, laini, unaoanzia kwenye kipaji na kuteremka shavuni hadi taya. Chanzo kikae ubavuni, hata nyuma kidogo ya mtu, ndipo utepe uelekee kwenye lenzi yako.

Fanya jaribio hili bila kamera. Mkalishe mtu karibu na mlango, fumba jicho moja, umzunguke nusu duara. Utauona mng'ao ukitembea usoni kama mwezi majini, unakufuata. Mahali fulani utakaa hasa pale shavu linapopinda. Simama hapo.

Jasho linaukatakata utepe huo kuwa vitone, na Unguja jasho halikosekani, kwa hiyo nina taulo ndogo mfukoni daima. Mafuta kidogo ya nazi yakisuguliwa vizuri yanaurudisha ukiwa mmoja. Poda inaufuta. Na filta ya polaraiza, wanayoisifu kwa kuondoa mng'ao kwenye maji na vioo, usiifunge unapompiga mtu mweusi: itaondoa kile kile kinachouchora uso wake.

Vipimo

Kipima mwanga cha kamera hakijui mtu. Kila kinachoonyeshwa kinataka kukifanya kijivu cha kati. Ukijaza fremu kwa uso mweusi, kinaona giza na kuongeza mwanga, uso unatoka kama uliopakwa majivu. Ukirudi nyuma, kanzu na ukuta wa chokaa vikaingia, kinaona weupe na kupunguza, uso unazama. Mtu yule yule, makosa mawili yanayopingana, na lawama anatupiwa yeye kwa kuwa "mgumu kupigwa".

Ansel Adams na Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, karibu mwaka 1940, waligawa mwanga katika ngazi za stopu moja moja, kutoka nyeusi tititi hadi nyeupe kabisa, ngazi ya tano ikiwa kijivu cha kati. Huna haja ya mfumo wao wote. Chukua wazo: wewe ndiye unayeamua kila kitu kikae ngazi gani. Pima kwa nukta, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu ya picha, kwenye shavu la upande wenye mwanga, halafu punguza stopu moja. Kisha pima kanzu. Ikiwa juu ya kati kwa stopu tatu hivi, nyuzi zake bado zitaonekana. Ikizidi hapo, usiguse kamera. Rudi kwenye kaniki na merikani, au msogeze mtu.

Flashi naitumia mara chache, zaidi ninapotaka mandhari ya nyuma yawe giza mchana. Ikumbuke hivi: kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, inatawala mwanga wa jua, haiugusi wa flashi mradi usipite kikomo cha kamera, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Tundu la lenzi linatawala vyote viwili. Kwa hiyo weka shata kikomoni, punguza tundu mpaka mandhari yazame kadiri unavyotaka, halafu mrudishie mtu mwanga kwa flashi iliyo mbali na kamera, ubavuni, nyuma ya ile ile merikani.

Kwenye kompyuta

Piga faili ghafi, za RAW, kwa rangi, kisha geuza. Kamera imenasa nyekundu, kijani na buluu, na unaweza kuchagua kila moja ichangie kiasi gani. Zamani kazi hii ilifanywa na filta mbele ya lenzi: ya njano ilikula stopu moja hivi, nyekundu kama tatu. Ngozi zetu zote, za kila rangi, hurudisha nyekundu zaidi. Ukiiinua nyekundu, ngozi inang'aa, madoa yanapotea, na midomo inafifia. Ukiinua buluu, ngozi inatiwa weusi na kila kovu linajitokeza, pamoja na chembechembe zisizotakiwa za kamera, ziitwazo kelele.

Kwa mzee nilichukua zaidi kijani, nyekundu kidogo. Makovu yake ni yake. Najua kishawishi cha ile nyekundu: unaivuta, mteja anakuwa maji ya kunde, anafurahi. Mimi siivuti. Ni kumchubua mtu kwa kompyuta, na mwanga wa mlangoni ulikuwa umeshampa kila alichohitaji akiwa na rangi yake.

Jambo la mwisho ni karatasi. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inategemea mwanga wa chumba, na vyumba vya Mji Mkongwe ni vya giza. Picha iliyokamilika kwenye skrini hutoka nzito ikichapwa. Chapa ndogo kwanza, itazame ndani ya nyumba, inua vivuli kidogo, ndipo uchape kubwa.

Nilimpelekea mzee yake baada ya wiki mbili. Aliipokea sebuleni, akaigeuza huku na huku, kisha akainuka nayo, akaenda kusimama mlangoni, mkono mmoja kutoka kizingitini, akaitazama hapo.